BMW 320i ya mkononi au Premio ya kutoka Japani: nilivyochagua nikiwa Tabora

Nianze na gari ambalo sikulinunua, kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi wiki tatu. BMW 320i, toleo la F30, ya mwaka 2013, bluu iliyokolea, namba D. Mwenyewe alitaka milioni 33. Upande wa pili kulikuwa na Toyota Premio ya cc 1,800, ya mwaka 2017, ambayo wakati huo ilikuwa bado Japani na mimi naiona kwenye picha tu. Nikisema ni mpya nieleweke: ni mpya kwa hesabu zetu, haijakanyaga barabara ya Tanzania wala kushikwa na fundi wa hapa. Ile ya kutoka kiwandani moja kwa moja siiwezi, na wengi wetu hatuiwezi.

Mimi nauza asali. Mzigo nachukua Sikonge, mara nyingine nashuka hadi Ipole, nauza hapa Tabora mjini na kupeleka Mwanza. Mzigo mkubwa unapanda lori, lakini ndoo nne tano za wateja wa haraka naziweka kwenye buti langu mwenyewe. Ndoo ya lita 20 ya asali si sawa na ndoo ya maji, inakaribia kilo 28. Halafu nina mzee wangu, mstaafu wa reli, mgongo unamsumbua, na kila baada ya miezi miwili nampeleka kliniki hospitali ya Bugando, Mwanza. Toyota IST niliyokuwa nayo, gari dogo, ilishachoka, na yeye ilikuwa inamuumiza. Zaidi ya hayo, nilitaka gari la kunifurahisha mimi. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa, nimesomesha, nimejenga, na sioni aibu kusema kwamba safari hii nilitaka kitu kizuri.

Mwenye BMW alinikabidhi ufunguo asubuhi moja ya Machi 2024 tukatoka kwenda Nzega, yeye kakaa kushoto kwangu, mzee nyuma. Mpaka Isikizya nilikuwa naendesha kwa woga. Baada ya hapo barabara ikafunguka, na mbele kukawa na lori limejaa marobota ya tumbaku. Kwa IST, kulipita lori la namna ile ni kazi: unachungulia, unarudi, unangoja kilima kiishe, unachungulia tena. Kwa BMW nilikanyaga kidogo tu. Gia zikashuka zenyewe bila kushtua, mgongo wangu ukakandamizwa kwenye kiti, na nilipotazama kioo lori lilikuwa limebaki dogo nyuma. Nilicheka kwa sauti. Injini yake ni ya lita mbili yenye tabo, yaani feni inayoisukumia injini hewa, nguvu za farasi 184, na nguvu yake haingoji injini ipige kelele. Inakuja ukiwa bado chini kabisa. Gia ziko nane. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ya mbele yana kazi ya kukata kona peke yake, na unaisikia tofauti hiyo mkononi. Stelingi ina uzito wa kutosha, ukiigusa gari limeshaelekea unakotaka. Sijawahi kuendesha gari linalonitii kiasi kile.

Ila barabara ya Nzega unaijua. Kijiji, kibao cha 50, rasta, tuta, na mbele ya tuta yupo askari na tochi yake ya kupima spidi. Unapita, unakanyaga dakika mbili, kijiji kingine. Nguvu yote ile nilikuwa naifaidi vipande vipande, na kwenye kila tuta nilikuwa napunguza hadi karibu kusimama, kwa sababu gari liko chini, kama sentimita 14 kutoka ardhini, na nyuma kulikuwa na mtu mmoja tu. Nikawa najiuliza, je, nikiongeza kilo 140 za asali?

Tulipopita Puge mzee akasema, kwa upole wake, "Mwanangu, hili gari linanihesabia matuta."

Alikuwa sahihi. BMW za namna hii hutoka kiwandani na tairi za ranifleti, ambazo ubavu wake ni mgumu ili zikipata panchi ziendelee kubeba gari. Ugumu huo huo unapanda hadi kwenye kiti. Mimi mbele nilikuwa na raha ya stelingi, sikuusikia. Yeye nyuma aliusikia wote. Tulipofika Nzega akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, akashika paa la gari, akatulia. Kiti kiko chini sana, na hakuwa na mahali pa kujisukumia. Mwenye gari akamshika mkono mmoja, mimi mwingine, tukamvuta. Hakulalamika. Alijipangusa suruali akauliza chai inapatikana wapi. Picha hiyo, mzee wangu ananing'inia mlangoni, ndiyo niliyorudi nayo nyumbani.

Na bado nililitaka. Sitaki kujifanya niliamua palepale.

Nikaenda kuuliza habari za tairi. Gari halikuwa na tairi ya spea, halikuwa na jeki. Buti lote ni tambarare safi, unaona kama faida. Maelezo ya ranifleti ni kwamba ikiisha upepo unaweza kutembea takriban kilomita 80, kwa spidi isiyozidi 80. Ulaya hiyo inatosha kukufikisha gereji. Huku kwetu, Tabora hadi Nzega tu ni zaidi ya kilomita 100, na ukiwa umevuka Ipole unaelekea Mpanda ni msitu kwa msitu. Size yake ni 225/50 R17. Nilizunguka maduka ya tairi hapa mjini nikiwa na karatasi ya size mkononi. Za kawaida za size hiyo niliahidiwa kuletewa. Ranifleti, wawili waliniuliza ni kampuni gani hiyo. Unaweza kuvua ranifleti ukafunga za kawaida, watu wengi wanafanya hivyo, gari linalainika, lakini basi ununue na spea, na utafute pa kuiweka, na siku hiyo buti langu la ndoo limepungua.

Kisha shimo la gereji. Fundi wangu, ambaye ametengeneza magari yangu tangu nikiwa na Starlet, aliliinua zulia, akachungulia chini kwa tochi, akafungua kifuniko cha kulanti, maji ya kupozea injini, gari likiwa la baridi, akachovya kidole. Kilitoka na maji ya kutu. Mtu alikuwa anajaza maji ya bomba, wala haikuwa mara moja. Halafu akachomeka kimashine chake cha kusoma makosa. Hakuna kosa hata moja. Mimi nikafurahi, yeye akanyamaza. Akanionyesha ukurasa mwingine kwenye kioo, kwamba vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe likitembea, karibu vyote vilikuwa havijakamilika. "Dada, kumbukumbu imefutwa juzi juzi. Gari lililotembea wiki nzima bila kufutwa linakuwa limeshamaliza vipimo vyake." Maana yake ni kwamba taa ilikuwa inawaka, na mtu aliizima badala ya kulitibu gari. Nilipomuuliza mwenyewe habari za karatasi za sevisi, alisema zilipotea kwenye kuhama.

Gari halikuwa na kosa hapo. Kosa ni la waliolimiliki, na ndiyo shida ya gari la kifahari la mkononi: unanunua pamoja na tabia za kila aliyelishika kabla yako. IST ikitunzwa vibaya inakuambia mapema na spea zake ziko kila kona. Gari lenye tabo na kompyuta kumi na kitu linakaa kimya mpaka siku ya bili. Fundi wangu ni mzuri, lakini aliniambia wazi kwamba kazi kubwa ya injini ile hatoigusa. Atanielekeza Mwanza au Dar. Namheshimu zaidi kwa kusema hivyo.

Mtu atauliza, kwa nini usiagize BMW kama hiyo Japani, safi, yenye historia? Nilipiga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato. Kwa viwango vya wakati huo, 2024, gari dogo lililipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na ushuru wa bidhaa ambao unafuata ukubwa wa injini: asilimia 5 ikiwa kati ya cc 1,000 na 2,000, asilimia 10 ikizidi hapo. Juu yake kulikuwa na tozo ya uchakavu. Gari likishafika miaka minane uliongezewa asilimia 15, likipita kumi ilikuwa 30. Ya 2013 ilikuwa imeshaangukia kwenye 30. Ya miaka ya karibuni inakwepa uchakavu lakini bei yake yenyewe inapaa. Ndiyo maana BMW nyingi unazoziona zinauzwa mikononi, na ndiyo maana nilichagua Premio ya 2017 na si ya 2014: miaka saba, haijagusa uchakavu.

Ilikuja na karatasi ya mnada, daraja la 4, kilomita elfu 58, mkwaruzo mmoja kwenye bampa ya nyuma umechorwa kwenye mchoro, na gari lilipofika nikaukuta palepale ulipochorwa. Mpaka iko barabarani na namba E yake, nililipa milioni 41. Nane zaidi ya BMW. Zilinikereketa kuzitoa, ila nilijua ninalipia nini.

Niliifuata Dar mwenyewe nikarudi nayo kwa Dodoma, Manyoni, Itigi, Chaya. Zaidi ya kilomita 800, na ilikula lita kama 60. Siku hizi kipande cha Itigi hadi Tabora ni lami, miombo huku na huku, magari machache, na pale ndipo nilipoielewa Premio. Haikufurahishi. Inakupumzisha. Nilishuka Tabora usiku nikiwa na uwezo wa kupika. Taa zake zinatoka fulu kwenda dimu zenyewe ukikutana na gari, na kwa barabara yenye giza kama ile huo ni msaada mkubwa. Viti ni kama vya sebuleni, vipana, kitambaa laini. Vya nyuma mgongo wake unalala kidogo. Mzee alipoingia mara ya kwanza aligeuka, akakaa, akaingiza miguu. Basi. Hakushika paa. Tumeshakwenda naye Bugando mara nne, na safari ya mwisho alilala kuanzia Tinde hadi karibu na Mwanza.

Tairi ni 195/65 R15, hiyo hata kwa mtu wa panchi ya baiskeli utaipata. Ina spea, ile nyembamba ya kukufikisha tu. Kutoka ardhini ni kama sentimita 16. Hizo mbili za ziada ni ndogo ukizisikia, ila ndizo zinazonivusha kwenye mchanga wa kuingilia kwa wafugaji nyuki. Na ndoo tano nyuma, mkia unashuka na taa zinatazama juu, inabidi nizishushe kwa kile kigurudumu cha kando ya stelingi.

Sasa kasoro, maana zipo na zinaniuma. Kupita lori kumerudi kuwa kazi. Gia yake ni CVT, ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya hatua za gia, ukikanyaga injini inapanda sauti kwanza, inang'ang'ana kwenye mlio mmoja, kisha mwendo ndio unafuata. Farasi ziko 140 na kidogo, karatasini zinatosha, mguuni hazitoshi. Kwenye kona inalala kama mtu aliyebeba mzigo kichwani. Stelingi ni nyepesi mno kwa spidi ya 100, huisikii barabara. Kengele ya kuvuka mstari inalia hata ukikwepa shimo, nikaizima. Redio ya Kijapani inakomea kabla ya FM 100, stesheni nusu za Tabora hazishiki. Nimebadilisha redio nzima. Na ile mbao ya dashibodi si mbao ya kweli.

Nikiliona BMW la F30 likipita Barabara ya Boma chini ya miembe, nageuza shingo mpaka lipotee. Ningekuwa naishi Mwanza au Dar, karibu na gereji yenye kompyuta kamili, sina mgonjwa wa mgongo, na nimepata moja yenye karatasi zake zote za sevisi na kulanti safi, ningelinunua bila kumuuliza mtu. Kwa anayeishi Tabora au Kigoma na gari ni moja tu la familia, namshauri Premio, na pesa ya ranifleti aweke kwenye mafuta.

Jambo moja tu kwa atakayenifuata. Gia ya CVT ina oili yake, CVT FE, na wapo mafundi watakaokuambia oili yoyote ya gia ya otomatiki inafaa. Haifai. Hapa mjini niliikosa mara mbili, nikaagiza makopo kwa basi kutoka Mwanza. Yako kabatini, nyuma ya ndoo tupu, na fundi nimemwambia asiguse gia ile mpaka nifike nayo mwenyewe.