Boti ya kukodi kwenda Toten: nahodha fundi, laifu jaketi aibu

Nilipeleka wanachuo 22 kisiwani Toten hapa Tanga kuangalia mikoko na magofu ya msikiti, asubuhi jua kali, kufika saa nne upepo wa kusi ukachachamaa na wingu limetanda yani ghafla tu. Nahodha akaniambia "mwalimu tugeuze, leo bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa tunakwama", watoto wakanuna lakini jamaa alikuwa sahihi, kugusa tu gati mvua ikashuka ya kufa mtu. Sasa laifu jaketi jamani, tatu mikanda imekatika, moja imefungwa kwa kamba ya katani (ndo Tanga hiyo), na turubai linavuja, madaftari yote chapachapa. Bei hawakupandisha. Nitarudi, ila jaketi nakagua mwenyewe kabla sijatoa hata senti.