Vijana wa kuosha malori wanaokuja yadi na kirikuu (Arusha): miezi mitano nao, wazuri ila someni yote

Naandika hii kwa sababu wiki hii tu watu watatu wamenipigia "dada malori yenu siku hizi mnaosha wapi", sa badala ya kurudia maneno yale yale kwenye simu naweka yote hapa. Mimi ndo nashika daftari la magari kwenye ofisi moja ya usafirishaji hapa Chuga, yadi yetu iko njia ya Kisongo, semi 11 na Fuso 3, kazi kubwa ni kupandisha saruji kutoka Tanga na kushuka na mahindi au chochote kitakachopatikana. Hawa vijana msiwatafute kwa jina maana hawana kibao, wana kirikuu kimoja, simtank la lita 1,000, mashine ya presha ya petroli na kaunta buku. Sisi ndo kampuni yao ya kwanza kabisa, kabla ya hapo walikuwa wanaosha Noah na bodaboda pembeni ya barabara.

Kwanza mjue tulikotoka. Zamani kila dereva akirudi safari anapewa 30,000 ya kuosha gari. Siku nikakaa na daftari nikajumlisha mwezi mmoja, imefika milioni 1 na laki 3 na ushee, alafu ukitoka nje kuangalia hayo magari yaliyooshwa ni milango na kioo cha mbele vinang'aa, kule nyuma ya tela unaweza kuotesha mchicha. Na wengine najua kabisa walikuwa wanashusha gari mtoni, wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 imeshasema shughuli kama hizo zikae mita 60 kutoka mtoni, na likikamatwa gari lenye jina la kampuni haulizwi dereva, anaulizwa boss, na boss ananiuliza mimi.

Basi nikaomba kotesheni. Wa kwanza nilimpigia akanitajia bei hapo hapo kwenye simu, elfu 25 kila gari, hakuuliza ni gari gani wala linabeba nini. Wa pili alikuja na tai, elfu 60 kwa semi, karatasi nzuri ya rangi. Wa tatu ndo huyu kijana, na yeye hakutaja bei kabisa, akasema "dada naomba nije niyaone kwanza alafu nikuoshee moja bure, ukiona halijakupendeza tunaachana kwa amani".

Nikamruhusu Jumamosi, na yule wa elfu 25 nikamwambia naye aje aoshe moja, nalipa. Hapa ndo mambo yalipojionyesha yenyewe. Wa elfu 25 kafika, kawasha mashine, kalipiga tela maji moja kwa moja. Sasa we mwenyewe unajua saruji na maji vinafanya nini! Ule unga wote uliokaa kwenye kona za tela na kwenye mikanda ya turubai ukalowa, na jua la mchana lile, kesho yake imeganda, fundi wangu alikaa na tindo na nyundo nusu siku anabandua. Huyu wa tatu yeye alianza bila maji kabisa. Ufagio mgumu, wakafagia tela lote likiwa kavu, wakaomba upepo wa kompresa yetu wakapuliza kila kona na kila bawaba, unga wakaukusanya kwenye kiroba, ndo maji yakafuata, na walianza juu kushuka chini. Mmoja kasimama pembeni ameshika simu, nikadhani anachat, kumbe anahesabu dakika. Dakika 55, kichwa na tela.

Ilivyofika kwenye bei akafungua kaunta buku mbele yangu, yani hakuficha kitu. Maji semi moja inakula kama lita 600, na ya kuyapata ni buku 2. Petroli ya mashine elfu 6. Sabuni 2,500. Vijana watatu kila mmoja 5,000, hiyo 15,000. Kirikuu kufika na kurudi akigawa kwa gari ni 3,000. Alafu akaweka 3,000 nyingine ameandika "mashine kufa", nikacheka nikamuuliza hii nini, akasema pampu na hosi zina siku zake, nisipoweka leo siku ikifa nitakuja kukukopa. Jumla 31,500, yeye bei yake 38,000. Fuso 20,000, kichwa peke yake 18,000, na kuosha chasi kwa chini na injini ni 15,000 juu yake, mara moja kwa mwezi inatosha.

Mimi kazi yangu ni kupunguza bei kwahiyo nikampiga 30. Akakataa, tena kwa heshima, "dada nikikubali 30 kila gari natoa 1,500 mfukoni kwangu, mwezi wa pili hutaniona na simu sitapokea". Nilikaa kimya kidogo maana ni kweli, nimeshawaona wengi wa hivo, wanachukua kazi kwa bei ya kutafutia jina alafu mwezi wa pili wanaanza kuosha upande mmoja unaoonekana. Yeye akaja na lake, kwamba nikimhakikishia semi zisizopungua 6 kwa usiku mmoja sehemu moja anashuka mpaka 36,000, kwa sababu kirikuu kinakuja mara moja, mashine inapangwa mara moja. Tukafunga hapo. Mara mbili kwa mwezi, semi 22 kwa 36,000 ni 792,000, Fuso 6 ni 120,000, jumla 912,000 bila ya chasi. Ukipiga na chasi magari yote 14 ni 210,000 nyingine, inakuja 1,122,000, bado chini ya nilichokuwa nawapa madereva kwa kuosha milango.

Kuna vitu viwili aliweka kwenye mkataba vikanishangaza kwa kijana anayeanza. Cha kwanza ni petroli, akaandika bei ya siku tunasaini, na kwamba EWURA, wale wanaotangaza bei za mafuta, wakitangaza ile Jumatano ya kwanza ya mwezi ikawa imepanda au imeshuka zaidi ya asilimia 10 tunakaa tena. Imeshuka pia! Hilo ndo lilinifanya nimwamini. Cha pili malipo, ofisi yetu hulipa siku 30, yeye akasema petroli haikopeshwi siku 30, alitaka 7, tukakutana 14.

Sasa kazi yenyewe. Wanaingia Jumamosi saa kumi jioni, mpaka saa nne tano usiku wamemaliza. Waliuliza mapema maji machafu yanaenda wapi, wakachimba mtaro na shimo la kokoto na mchanga kabla ya lile la mwisho, oil inayoelea wanaichota na kopo wanaweka kwenye dumu. Kwenye injini hawapigi dizeli kama wanavyofanya wengine, ile dizeli inalainisha mipira na mabomba, wanatumia sabuni na brashi na vitu vya umeme wanafunga mifuko ya plastiki. Rejeta wanapiga kwa mbali na nozeli ya maji mapana maana zile bati nyembamba zinalala ukizikaribia. Masika haya ndo niliona faida zaidi, tope la njiani lile likikauka chini ya tela na saruji iliyoganda juu yake ni uzito, na mzani hauulizi kama hiki ni mzigo au tope, tani 56 za jumla zikipita zimepita. Rifleta na namba zinaonekana, trafiki hana cha kuanzia maongezi.

Ila kitu ambacho sikukilipia na ndo nakipenda kuliko vyote ni picha. Wakiosha chasi chochote wanachokiona wananitumia WhatsApp, mara bolti imelegea, mara springi ina ufa, mara hosi ya upepo wa breki inasagana na chasi. Hiyo ya hosi ilikuwa imebaki ngozi tu, picha imekuja saa tatu usiku, na hilo gari lilikuwa linaondoka alfajiri na tani 30 linateremka. Nilimwamsha fundi.

Haya, ubaya. Upo, msidhani wamenilipa.

Mwezi wa kwanza mmoja wao alifunga nozeli ile yenye alama nyekundu, inayotoa maji kama sindano, akapiga mlangoni kwenye stika ya jina la kampuni. Herufi mbili zikaruka. Dereva akagoma kutoka asubuhi anasema hawezi kuendesha gari lenye jina la kuchekwa, ikabidi niongee naye kama namuoa. Stika walilipa wao, ila ilichukua siku tisa na mara nne za mimi kukumbusha.

Lingine, hawapigi grisi. Presha ikipita kwenye viungo vya chini inasafisha na grisi nayo, gari moja likafika Makuyuni linalia kama kitanda cha gesti, pale tela linapokaa juu ya kichwa pakavu kabisa. Kwenye mkataba haipo kwahiyo sio kosa lao moja kwa moja, ila mtu anayejua kazi angesema. Sasa hivi fundi wangu anakaa nao, wakimaliza gari anapiga grisi usiku huo huo, na hiyo ni overtime ambayo sikuihesabu mwanzo.

Invoisi ya kwanza walileta na risiti ya kuandika na mkono. Mhasibu akaitupa, bila ya risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za TRA, hatoi hata mia. Wakahangaika wiki mbili ndo wakawa na mashine, na mimi hizo wiki mbili nilikuwa napokea simu asubuhi na jioni "dada shikamoo, vipi ile yetu". Shikamoo zenyewe nilichoka kuitikia. Kama wewe ni kijana unasoma hii unataka kazi za makampuni, TIN na EFD tafuta kabla ya mashine ya presha.

Alafu ile ya semi 6. Kuna Jumamosi magari yalikwama Namanga yakaingia manne tu, nikalipa ya semi sita. 72,000 ya hewa. Nimesaini mwenyewe, sina wa kumlaumu, ila iliniuma, ukisaini na wewe omba gari zilizokosekana zihamie wiki inayofuata, mimi nimeshamwambia mkataba ukiisha hicho kipengele kinabadilika na amekubali kwa shingo upande.

Madereva bado wamenuna. Ile 30,000 ilikuwa yao na mimi nimeikata, mmoja mtu mzima kabisa kila Jumamosi anafunga kichwa anaondoka na funguo, vijana wanaosha tela tu. Hilo ni letu ndani, sio lao, boss ameshapelekewa.

Nyota nne. Ya tano niliitoa kwa stika na kwa kuchelewa mara mbili, moja siku hiyo pampu ilikufa kweli na ile 3,000 yake ya "mashine kufa" ikawa haijatosha. Kama una semi zisizofika sita usiwasumbue, watakupa bei ya 38 na hawashuki, nimeshawajaribia kwa rafiki yangu wa Moshi mwenye semi tatu wakamwongezea na mafuta ya kirikuu. Anayetaka kuwaona wakiwa kazini Jumamosi hii tunategemea semi nane, aje saa kumi, aje na mabuti ya mvua maana ule upande wa geti hatujamwaga kokoto.