Bustani ya hadithi Dodoma, nendeni ila bebeni kofia

Jamani jumamosi nimewapeleka watoto kwenye ile bustani ya hadithi nje kidogo ya mji, na kusema kweli nilienda shingo upande, nikajua ni bembea mbili tatu na soda ya bei mbaya. Kumbe wamejipanga! Unaingia tu unamkuta Sungura wa simenti kampanda Fisi mgongoni, kamtia na hatamu kabisa, Fisi mdomo wazi na sikio moja limeshameguka kwa watoto kulining'inia. Wangu wa miaka minne akamuuliza dada wa pale "huyu Fisi leo kala nini?" basi dada akakaa chini kwenye vumbi akaanza "Paukwa!" watoto wote hata wa wenzetu "Pakawa!", nusu saa nzima hakuna aliyeomba maji wala kojo.

Tatizo kivuli. Jua letu la Oktoba mnalijua, miti waliyopanda bado inanifika magotini, mwarobaini mkubwa ni mmoja na wazazi wote tumebanana hapo kama kwenye daladala. Choo kisafi ila bomba lilikuwa kavu. Juisi ya zabibu buku mbili, zabibu kweli siyo unga. Nendeni kuanzia saa kumi jioni.