Kitufe cha kufuta voliyumu moja kwenye storeji: kinafuta kweli, ila snapshoti (nakala ya voliyumu ilivyokuwa siku za nyuma) inabaki

Hiki kitufe nimekitumia mara nne sasa kwenye storeji ya kazini (mashine kubwa ya diski nyingi, kila idara inakatiwa kipande chake cha nafasi, ndiyo voliyumu), jina la kampuni naliacha, naongelea kazi yake tu.

Kompyuta ya kawaida ukitaka kuua data unatoa diski unaisaga, imeisha. Kwenye storeji kubwa huwezi, voliyumu moja imetawanywa vipande vipande kwenye diski 30 na diski hizo hizo zimebeba mafaili ya idara zingine ambazo muda huo watu wako kazini. Hata zile diski zinazosimba data zenyewe (zinaigeuza isisomeke bila ufunguo) hazikusaidii hapo, kwa kawaida ufunguo ni mmoja kwa diski nzima, ukiutupa umeondoka na vya wenzako. Ndo maana kitufe cha voliyumu moja ni kitu cha maana sana.

Kabla ya kukigusa nilijaribu njia ya kienyeji, nikatengeneza voliyumu ya majaribio ya tera 4, nikaijaza, halafu nikaandika sifuri tupu kutokea kwenye seva. Dakika 11 tu ikasema imemaliza. Moyo ukakataa, maana hiyo ni giga 6 kila sekunde na storeji yetu haijawahi kufika hata giga 2. Kumbe storeji yetu ikiona sifuri haiandiki chochote, inaweka alama tu kwamba hapa pako wazi, data ya zamani inabaki palepale kwenye diski mpaka nafasi ije ipewe voliyumu nyingine. Anayefuta hivyo ajue hajafuta.

Kitufe chenyewe kinafanya kazi tofauti, kinashuka mpaka pale vipande vilipokaa na kuandika juu yake. Voliyumu ya mishahara, nayo tera 4, niliiwekea iandikwe juu mara tatu, yani tera 12 za kuandika kwa mega 200 kwa sekunde, ikachukua karibu saa 17 na idara zingine hazikulalamika hata kidogo, hapo waliotengeneza nawapongeza kabisa. Siku hizi naweka mara moja tu. Hiyo ya mara tatu watu wameirithi kwenye mwongozo wa wizara ya ulinzi ya Marekani, 5220.22-M, wakati NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wao 800-88 toleo la 2014 walisema kwa diski za kuzunguka mara moja kwa kawaida inatosha.

Sasa kilichoniuma. Asubuhi yake ripoti imetoka safi, namba ya voliyumu, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kila kitu kijani. Nikasema ngoja nihakikishe, nikafungua snapshoti ya siku tatu nyuma nikaiunganisha na seva, nikaona folda ya mishahara iko pale pale, nikafungua faili moja, majina ya watu na pesa zao mstari kwa mstari. Nilikaa kimya kama dakika nzima. Kitufe hakikuniuliza kuhusu snapshoti wala nakala inayorushwa kwenye storeji ya pili, na wala hazimo kwenye ripoti ambayo mkaguzi anaipokea na kusaini. Hii sio kasoro ndogo jamani, hizo ni taarifa za watu.

Na kama storeji yenu ni ya flashi (diski za SSD, zisizozunguka) kitufe hiki msikitegemee kabisa, flashi ukiandika juu data mpya inakwenda kwenye seli nyingine, ya zamani inabaki pembeni usipoweza kuigusa. Huko tafuteni mashine yenye ufunguo wa usimbaji kwa kila voliyumu, tena uwe umewashwa kabla data haijaingia, ukiua ufunguo na nakala zake zote basi hata snapshoti zilizosimbwa kwa ufunguo huo hazisomeki tena, na ni kazi ya sekunde chache.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne naitoa siku kitufe kitakapoorodhesha snapshoti na nakala zote za voliyumu na kugoma kuanza mpaka ziondolewe.