Kusafishiwa kapeti lililobadilika rangi: tathmini ya huduma moja mjini Mtwara

Nyumba nyingi za kupanga mjini Mtwara zina sakafu ya vigae au ya saruji, na kwa hewa hii ya pwani yenye unyevu na chumvi, hilo ni jambo la busara. Hata hivyo, zipo apatimenti, hasa upande wa Shangani, ambazo vyumba vyake vya kulala vimetandikwa kapeti la kubandikwa ukuta hadi ukuta, na mpangaji hulirithi pamoja na maovu yake yote. Kapeti la kijivu la chumba ninamoishi lilikuwa limeharibika rangi kwa namna kadhaa: upande wa dirishani lilikuwa limepauka, karibu na mlango lilikuwa na madoa ya kahawia, chini ya miguu ya kabati la chuma palikuwa na kutu, na katikati yalikuwepo mabaka ya manjano ambayo, kwa maelezo ya mlinzi, yalitokana na jiki iliyomwagwa na mpangaji aliyenitangulia. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha na fedha yangu ya dhamana ilikuwa mikononi mwa mwenye nyumba, kwa hiyo niliwaita mafundi wa usafi wa mazulia wanaofanya kazi hapa mjini.

Sehemu bora ya huduma yao ilikuwa ukaguzi, ambao hawakuutoza chochote. Fundi mkuu alilowesha kitambaa cheupe kwa maji ya vuguvugu, akakikandamiza kwenye kila sehemu iliyobadilika rangi, kisha akanionyesha kilichotoka. Karibu na mlango kitambaa kilipata ukahawia. Kwenye mabaka ya manjano na pale dirishani kilibaki cheupe. Alieleza kwamba doa ni kitu kilichoongezeka kwenye nyuzi, kwa hiyo laweza kuondolewa, lakini pale jiki ilipopita rangi yenyewe imevunjwa na hipokloriti ya sodiamu iliyomo, na hakuna sabuni inayoweza kurudisha kisichokuwepo. Jua la dirishani hufanya kazi hiyohiyo, ila polepole. Alikataa kabisa kupokea fedha za kusafisha sehemu hizo mbili, na kwa jambo hilo pekee nawapa alama za juu, maana ni wachache wanaokubali kupunguza malipo yao wenyewe mbele ya mteja asiyejua. Aliongeza kwamba kapeti letu huenda ni la nailoni, kwa kuwa la polipropilini hutiwa rangi plastiki ikiwa bado haijavutwa kuwa nyuzi, na jiki kwa kawaida hailiwezi.

Madoa ya mlangoni yalikuwa ya mabibo. Yeyote aliyekulia huku kusini anajua kwamba shati lililoguswa na bibo limekuwa la shambani tangu siku hiyo. Maji ya mabibo yana tanini nyingi, yaani kemikali ya mimea inayoacha madoa ya kahawia, na kosa linalofanywa katika nyumba nyingi ni kuyakimbilia kwa sabuni ya unga, ambayo kwa ualikali wake (kinyume cha uasidi) huzidisha ukahawia badala ya kuuondoa. Mafundi hawa walitumia siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, wakaigandamiza kwa taulo bila kusugua, wakarudia, na mwishoni wakapitisha mashine inayonyunyiza maji na kuyafyonza papo hapo. Kwa kutu walitumia asidi ya oksaliki wakiwa wamevaa glovu, wakasuuza vizuri, na alama zikatoka isipokuwa moja iliyobaki kwa mbali. Pia walinionya, na onyo hilo linastahili kurudiwa hapa, kwamba jiki isichanganywe kamwe na siki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Udhaifu wao ulikuwa katika kukausha. Kazi ilifanyika mvua zikiwa zimeshamiri, maji yaliyotumika yalikuwa mengi kuliko ilivyohitajika, na waliondoka wakiniachia ushauri wa kufungua madirisha, jambo lisilosaidia sana wakati hewa ya nje nayo imelowa. Baada ya muda madoa yalirudi mlangoni kama duara hafifu. Hayakuwa mapya: maji yaliyofika chini ya kapeti hupanda juu yanapokauka na kubeba uchafu uliobaki hadi kwenye ncha za nyuzi, na kadiri ukaushaji unavyochelewa ndivyo uchafu unavyopata nafasi ya kupanda. Walirudi bila ubishi na bila malipo ya ziada, safari hii wakiwa na maji kidogo na taulo nyingi, lakini feni zilikuwa zangu na umeme wa LUKU ulikuwa wangu. Kampuni inayotoza kwa mita ya mraba katika mji wa pwani ingepaswa kuwa na feni zake.

Kuhusu mabaka ya jiki, walipendekeza kukata kipande cha kapeti kutoka ndani ya kabati la ukutani na kukibandika mahali pa lile baka kubwa. Niliomba kwanza ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, naye akaitoa. Mshono hauonekani, lakini kipande chenyewe kinaonekana, kwa kuwa kapeti la kabatini halijawahi kupigwa na jua na rangi yake bado imekolea. Mwenye macho makali atakigundua, ingawa ni afadhali mara nyingi kuliko lile baka la manjano.

Faida nyingine sikuitarajia. Stakabadhi yao ilieleza kila sehemu ilivyokuwa na sababu yake, na karatasi hiyo, pamoja na picha nilizopiga nilipohamia, ilimaliza mazungumzo na mwenye nyumba kwa muda mfupi. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimbebeshi mpangaji mzigo wa uchakavu wa kawaida, na kupauka kwa jua, kwa maoni yangu, kumo humo. Jiki haimo, ndiyo maana ilikuwa muhimu kuonyesha kwamba ilimwagwa kabla yangu. Dhamana yangu haikukatwa.

Gharama yote, pamoja na kile kiraka kilichotozwa peke yake, haikufika robo ya kodi ya mwezi mmoja. Kwa madoa ningewaita tena, hasa kati ya Juni na Septemba ambapo mvua ni adimu na kapeti hukauka upesi. Atakayewaita aondoe samani nzito mapema, kwa kuwa hawahamishi makabati, na akubaliane nao kuhusu feni kabla mashine haijawashwa.