Miezi 11 na springi mpya chini ya Land Cruiser ya 1994

Kazi yangu ni kupima ardhi, kwa hiyo kabla fundi hajalegeza hata nati moja ili kuliinua gari langu kwa springi mpya, nilitoa futi yangu ya chuma nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, gari likiwa tupu na tangi limejaa. Mbele milimita 485, nyuma 490, na upande wa dereva umelala 9 zaidi ya mwenzake. Nawe fanya hivyo. Gari likishainuliwa kila mtu analiona refu, na bila namba za mwanzo huna cha kumwuliza fundi.

Gari lenyewe ni Land Cruiser 80. Toleo hili lililoanza kutengenezwa 1990 lina ekseli nzima, yaani mhimili mmoja mgumu kutoka gurudumu hadi gurudumu, mbele na nyuma, na springi za koili pembe zote nne, tofauti na kaka yake wa 60 anayekalia springi za bapa. Ndiyo sababu wengi huianza kazi hii wenyewe uani: koili ya zamani inatoka, mpya inaingia, jua halijazama umemaliza. Mimi pia niliambiwa hivyo.

Seti niliyonunua ina springi nne, shokapu nne za gesi, mipira yake na maelezo ya kurasa mbili. Imeandikwa inainua milimita 50. Jina la kampuni naliacha makusudi, maana lawama zangu ni za muuzaji kuliko za chuma.

Nianze na shokapu, maana hizo ningezinunua tena kesho. Zile za zamani zilikuwa zikikaa nusu saa kwenye barabara ya rasta, yaani ya vumbi yenye matuta madogo yaliyofuatana, zinapata moto, mafuta yanaingia povu, na shokapu yenye povu haizuii kitu. Springi inabaki kucheza ngoma peke yake na nyuma ya gari inaanza kutembea ubavu. Hizi mpya ni za silinda moja, na nitrojeni imetengwa na mafuta kwa pistoni yake, kwa hiyo gesi haipati nafasi ya kuchanganyika. Nimezipitisha saa mbili za rasta mfululizo, nikashuka, nikasogeza kiganja: za moto kweli, lakini gari lilikuwa bado limeshika njia. Ubaya wake ni kwamba pistoni inateleza moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Jiwe likiubonyeza ukuta huo, shokapu imekwisha. Kila nikiosha gari napitisha kidole kutafuta kibonyeo.

Springi ndizo zilizonitoa jasho. Muuzaji aliniuliza nabeba nini, nikamwambia vifaa vya upimaji, miti ya alama, maji, hema. Akanipa za nyuma za mzigo mzito, akasema “zito halidhuru.” Linadhuru! Mzigo wangu haufiki kilo 150, na springi zile zimekusudiwa gari linalobeba mara mbili ya hapo siku zote. Gari tupu lilikuwa linaruka kama mbuzi. Kwenye korongo la kwanza la kupita kwa mshazari, gurudumu la nyuma kushoto lilining'inia hewani likizunguka bure, kitu ambacho springi zangu kuukuu zilizochoka hazikuwahi kunifanyia. Springi ngumu haikubali kubanwa upande mmoja ili upande wa pili ushuke, basi. Baada ya wiki tatu nilibadilisha za nyuma kwa zile za mzigo mwepesi, kwa hasara yangu. Kabla hujanunua, pima mzigo wako kwenye mizani, na kama mbele una bampa ya chuma na winchi, hizo nazo zihesabu.

Baada ya mabadiliko hayo futi ilisema 550 mbele na 553 nyuma. Yaani nimepata zaidi ya 60 kwa seti ya 50. Usifurahi: hizo za ziada ni urefu ambao springi za zamani zilikuwa zimeshaupoteza kwa miaka. Na kumbuka kilichopanda ni chesisi na bodi. Difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, iko palepale ilipokuwa, maana ekseli inabebwa na tairi. Anayetaka difu ipite juu ya jiwe aongeze tairi.

Sasa stelingi. Kwenye 80, ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu inayofungwa kwenye chesisi nyuma yake. Ukiinua chesisi, mikono inainama na ekseli inajizungusha kidogo, pembe ya kasta, ule mwinamo unaofanya usukani urudi wenyewe, inapotea. Nilitoka gereji, nikakata kona ya kwanza, nikaachia usukani urudi wenyewe. Haukurudi. Kwenye lami, kwa mwendo wa 90, nilikuwa naurekebisha kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayeendesha mashua. Kwenye alaimenti, yaani kipimo cha mkao wa magurudumu, kasta ilisoma nyuzi 0.7, wakati inatakiwa iwe karibu na 3. Dawa yake ni bushi, mipira ya viungo vya mikono hiyo, zenye tundu lililosogezwa pembeni, nazo hazikuwemo kwenye boksi lililoandikwa “kamili.” Nilizinunua kando, zikaingizwa kwa presi, kasta ikarudi 2.9 na usukani ukapata adabu.

Siku hiyo ya bushi nilibishana na fundi. Alitaka kukaza bolti zote gari likiwa juu ya jeki, ekseli inaning'inia, kwa sababu ndipo spana inapoingia vizuri. Bushi za mpira zimegandishwa kwenye chuma chake. Ukizikaza zikiwa zimening'inia, gari likishuka zinabaki zimejisokota maisha yao yote, zinachanika mapema. Tuliteremsha gari, tukalitikisa mara kadhaa likae, ndipo akalala chini akakaza. Alinung'unika, lakini alikaza.

Mengine ni madogo, ila moja si dogo. Nyuma kuna vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fito. Ikiona chesisi imepanda inadhani gari halina mzigo, inapunguza breki za nyuma. Ni lazima irekebishwe. Mipira ya kupitishia mafuta ya breki nayo itazame gurudumu likiwa limening'inia hadi mwisho; wangu wa mbele ulikuwa umekazwa kama kamba ya gitaa, nikaweka mrefu zaidi. Kwamba taa za mbele zinamulika juu mno niliambiwa na madereva wenzangu, kwa kuniwashia za kwao, wiki nzima.

Juzi, miezi 11, nimepima tena: mbele 543, nyuma 547, pande zote mbili sawa. Kifaa changu cha kupimia usawa wa ardhi, kilichokuwa kikitoka kwenye mstari kila baada ya safari mbili, kimemaliza safari nne bila kuguswa. Mama anapanda kwa kigoda, na kigoda sasa kinakaa humo humo garini.