Kununua lozi, ufuta, korosho na mbegu kwa mujibu wa Ayurveda: kipi kwanza?

Kwa pesa yako, anza na ufuta. Wengi wakisikia Ayurveda hukimbilia lozi, nazo si mbaya, lakini vitabu vya kale vya tiba hiyo ya Kihindi huyaweka mafuta ya ufuta mbele ya mafuta mengine yote ya mimea, na bei ya kilo haikaribii ya lozi.

Ila jijue kwanza. Ayurveda husema mwilini mna nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na kila mtu huelemea mojawapo. Mtu wa vata ni mwembamba, mkavu wa ngozi, mikono baridi. Wa pitta ana joto, njaa kali na hasira za karibu. Wa kapha ni mzito, mtulivu, na mafua hayamwishi. Charaka Samhita, kimojawapo cha vitabu hivyo vya kale, inazisema lozi na jozi (walnut) kwa pamoja: nzito, za joto, zenye mafuta, hujenga mwili na kutuliza vata, lakini huchochea pitta na kapha. Basi mwembamba ale kwa nafasi, mnene ajizuie.

Ufuta unaosifiwa zaidi ni mweusi. Sokoni kwetu mweupe wa Lindi na Mtwara ndio uliojaa, nao unafaa. Sugua kidogo kiganjani kisha umwage: ukibaki mchanga na vumbi, nenda meza ya pili. Nyumbani uoshe, uanike, uukaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka uanze kuruka, uchanganye na sukari guru. Wahindi hula ladu za namna hiyo katikati ya Januari, sikukuu ya Makar Sankranti, kwao kukiwa na baridi. Joto la Dar mwezi huohuo ni jambo jingine. Mtu wa pitta apunguze.

Za pili ni lozi. Kwenye maduka ya Wahindi utakuta za kawaida kutoka California na ndogo zilizojikunja ziitwazo mamra, ghali zaidi, zenye mafuta mengi. Mimi nanunua za kawaida. Muhimu ni ziwe mbichi, zina ganda lake la kahawia, na ukivunja moja isinuke mafuta yaliyochacha. Loweka chache usiku. Asubuhi bana kwa vidole viwili, ganda linateleza lenyewe. Ganda hilo huhesabiwa gumu kwa tumbo, ndiyo maana linavuliwa. Zilizomenywa kiwandani ni kulipia kazi ya dakika mbili, tena huharibika mapema.

Mbegu za maboga na za alizeti nazipa nafasi ya tatu, ila kwa mtu wa kapha ndizo za kwanza: ni nyepesi kuliko lozi. Nunua zisizo na chumvi. Mtu wa pitta naye aache foleni yote hii achukue nazi, maana hiyo hupoza.

Korosho na karanga ziko mwisho. Zote asili yake ni Amerika ya Kusini. Korosho ililetwa India na pwani yetu na Wareno, kwa hiyo usitarajie kuzikuta kwa Charaka. Waganga wa leo huzihesabu nzito na za joto. Korosho chache zilizokaangwa bila mafuta hazina ubaya. Karanga chagua nzimanzima, kavu. Zilizosinyaa au zenye ukungu ziache hata ukipewa bure: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kukaanga.